Pini za Soketi ya Prosesa Zikipinda: Jinsi ya Kuzikagua, Kuzinyoosha na Kujua Pa Kuishia

Pini iliyopinda haijafa. Mara nyingi kinachoimaliza ni haraka ya kuinyoosha: kibano kinaingia ndani ya soketi kabla jicho halijajua pini imeegemea wapi, na palipokuwa na pini moja mbovu sasa zipo nne. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kutazama. Kunyoosha kwenyewe, ukishajua hasa unachokwenda kugusa, ni kazi ya dakika chache.

Nitashughulika zaidi na soketi ambazo pini zake ziko upande wa ubao mama, yaani LGA. Intel imezitumia kwenye kompyuta za mezani tangu LGA 775 ya mwaka 2004. AMD nayo ilihamia huko kwa kompyuta za kawaida mwaka 2022 ilipoleta soketi ya AM5. Kwenye soketi yake ya AM4 na zilizoitangulia, pini ziko chini ya prosesa na soketi ina matundu tu. Hizo nimeziwekea sehemu yake mwishoni, maana mbinu zake ni tofauti na kwa kweli ni nyepesi zaidi.

Pini ya LGA ikoje

Wengi hudhani ni kijiti kilichosimama wima, kwa hiyo wakiona pini imelala kidogo wanaisimamisha. Hapo ndipo wanapoiharibu. Pini ya LGA ni springi: kipande chembamba cha aloi ya shaba kilichopakwa dhahabu, shina lake limekita ndani ya plastiki, mkono wake umepanda kwa mshazari, na ncha yake imejikunja kidogo. Prosesa ikikandamizwa na fremu ya chuma, ncha hiyo hukutana na kidoa cha dhahabu kilicho chini ya prosesa, mkono hushuka kidogo, na ncha husugua kidoa hicho na kutulia. Mshazari ule ndio unaoipa pini nguvu ya kusukuma juu.

Kwa hiyo pini haihitaji kuwa nzuri. Inahitaji mambo mawili: ncha yake iwe mahali pake katika safu, na iwe na kimo sawa na cha wenzake. Iliyo chini mno haitagusa. Iliyo juu mno au iliyosimama wima itapondwa prosesa ikishuka, pengine ijikunje upande usiotarajiwa na kumgusa jirani.

Namba iliyo kwenye jina la soketi za Intel ni idadi ya pini: LGA 1151 ina 1151, LGA 1700 ina 1700. AM5 ina 1718. Katika soketi za leo nafasi kati ya pini na pini haifiki milimita 1, na hapo ndipo utaelewa kwa nini vidole havina kazi humo ndani.

Kabla ya kuzilaumu pini

Dalili za pini mbovu zinafanana na za magonjwa mengine kadhaa. Kompyuta inawaka feni lakini skrini haioneshi kitu, na taa ndogo ya CPU au DRAM kwenye ubao inabaki imewaka. Au inawaka vizuri, ila RAM inasomeka nusu kwa sababu chaneli moja, yaani mojawapo ya njia zinazoiunganisha prosesa na RAM, imepotea. Au kadi ya grafiki inafanya kazi kwa njia 8 za data badala ya 16. Au kompyuta inajizima na kujiwasha bila mpangilio.

Chaneli ya RAM inayopotea ndiyo dalili inayowapeleka watu wengi kwenye soketi, na si kila mara soketi ndiyo yenye kosa. Kwanza hamisha moduli kutoka sloti moja hadi nyingine ujue kama tatizo linaifuata moduli au linabaki kwenye sloti. Kisha angalia kipozaji. Skrubu zake zikikazwa upande mmoja kuliko mwingine, prosesa huinama kidogo na baadhi ya pini hazigusi sawasawa; chaneli inapotea ingawa hakuna pini hata moja iliyopinda. Legeza skrubu zote, kisha zikaze kwa mkingamo, kidogo kidogo, ukirudi kwenye kila moja mara kadhaa. Waliobadilisha fremu ya kubana prosesa kwenye LGA 1700 kwa kuweka ya kununua pembeni wawe wa kwanza kufanya hivi. Kwenye soketi kubwa za Threadripper, prosesa za AMD za kazi nzito, zenye pini zaidi ya 4000, skrubu za fremu zimeandikwa 1, 2, 3 na hufungwa kwa mpangilio huo, hufunguliwa kwa kinyume chake, na kukazwa kwa bisibisi ya kipimo inayokuja na prosesa. Ukizikaza kwa kukadiria, usishangae RAM ikipotea.

Ukishayafanya hayo na tatizo bado lipo, au ikiwa uliiona prosesa ikiponyoka na kuangukia soketi, endelea.

Vifaa

Mwanga wa kutosha ndio kifaa cha kwanza: tochi ndogo unayoweza kuishika pembeni ya soketi, siyo taa ya darini. Cha pili ni kikuzaji. Lenzi ya mkononi ya mara 10 inatosha kwa kazi nyingi. Hadubini ya USB ni bora, na kamera ya simu yenye uwezo wa kupiga vitu vidogo inaweza kushika nafasi yake. Kisha kibano chenye ncha kali na zilizonyooka, sindano nyembamba ya kushonea iliyochomekwa kwenye mpini wa kitu chochote kinachoshikika vizuri, na penseli ya kubonyeza isiyo na risasi ndani. Weka na alkoholi ya isopropili safi, ya asilimia 99 ukiipata, pamoja na kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi za kamera.

Kibano nimekitaja kwa sababu watu watakitumia hata nisipokitaja. Binafsi naona sindano ni salama zaidi. Kibano kinabana, na kubana kunashawishi kuvuta; sindano inaweza kusukuma tu, na kusukuma ndiko unakokutaka.

Pamba, kitambaa na karatasi ya chooni visikaribie soketi. Uzi mmoja ukinasa kwenye ncha, unapouvuta unaondoka na safu.

Kufungua bila kuongeza madhara

Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Gusa sehemu ya chuma ya kasha isiyopakwa rangi kabla ya kugusa ubao, au vaa mkanda wa kuzuia umeme tuli kama unao.

Ubao utoe kwenye kasha. Najua ni usumbufu, lakini kunyoosha pini huku ubao umesimama wima na mkono unapita kati ya nyaya ni kuomba balaa. Ulaze juu ya kadibodi kavu, kwenye meza isiyotikisika, kwa kimo kinachokuwezesha kuegemeza viwiko vyote viwili.

Kipozaji kikishatoka, futa pesti ya joto juu ya prosesa kabla ya kuinua fremu, isije ikadondokea ndani. Inua wenzo, fungua fremu, shika prosesa kwa kingo zake mbili na uinyanyue moja kwa moja juu. Usiitelezeshe. Iweke kwenye kisanduku chake cha plastiki au juu ya kitu safi huku vidoa vya dhahabu vikitazama juu, kisha vitazame navyo: kidoa chenye weusi, alama ya kuungua au mkwaruzo mzito kitakuonesha ni pini gani ya kuichunguza kwanza.

Ukikuta weusi, au plastiki iliyovimba au kuyeyuka, simama hapo. Hilo ni joto, na kunyoosha hakutibu kitu. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua pamoja na soketi zake za AM5 kwa sababu ya volti kubwa mno, na masasisho ya BIOS yaliyofuata yakaweka kikomo cha volti 1.3 kwa SoC, sehemu ya prosesa isiyo viini vyake. Ubao wa namna hiyo hauwekewi prosesa nyingine nzima ili kujaribu bahati.

Kutazama

Usitafute pini iliyopinda. Tafuta mahali mpangilio unapokatika. Jicho haliwezi kukagua pini 1700 moja moja, lakini ni hodari wa kuona safu iliyovunjika.

Washa tochi, ilaze karibu sambamba na ubao, na umulike kutoka upande mmoja. Ncha zote zitang'aa kama vitone vilivyopangwa kwenye mistari. Pini iliyopinda itang'aa tofauti, haitang'aa kabisa, au kitone chake kitakuwa nje ya mstari. Sasa hamisha mwanga upande wa pili, kisha wa tatu na wa nne, kwa sababu pini iliyoinama kuelekea kwenye mwanga huweza kuonekana nzima kabisa. Baada ya hapo uzungushe ubao robo mzunguko na utazame tena kwa pembe ya chini, macho yako yakiwa karibu usawa wa meza. Tazamo hili la mwisho ndilo linaloonesha kimo: iliyozama itaacha pengo katika mstari wa ncha, iliyoinuka itachomoza.

Piga picha kwa kila pembe. Usiisogeze simu karibu mno. Ishike mbali kidogo, kuza picha, na uitulize juu ya kitu. Picha hizi zina kazi tatu: unaweza kuzikuza na kuzitazama bila mkono kutetemeka, zitakuonesha hali ya mwanzo ukipotea katikati ya kazi, na ni ushahidi ikiwa ubao ni mpya na unataka kuurudisha.

Kuhusu kurudisha, ifikirie sasa kabla hujagusa kitu. Watengenezaji wengi huhesabu pini zilizopinda kuwa uharibifu wa mtumiaji na dhamana haizigusi, lakini ubao uliotoka dukani ukiwa tayari na pini mbovu ni habari nyingine. Ukishaingiza sindano, hoja yako imekufa.

Jambo moja huwachanganya wanaotazama soketi kwa mara ya kwanza: pini hazielekei upande mmoja soketi nzima. Zimegawanyika katika maeneo, na mshazari wa eneo moja unaweza kuwa kinyume na wa jingine. Kwa hiyo pini ilinganishe na majirani wa eneo lake tu. Yupo mtu aliyezinyoosha pini nzima ili zifanane na zile za ng'ambo ya pili.

Katikati ya soketi kuna uwazi wenye vipande vidogo vya umeme, na kwenye kingo kuna vibonye vya plastiki vinavyoingia kwenye pengo za prosesa. Hivyo si uchafu. Viache.

Pini hiyo ni ya nini?

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo itakayokuambia uhangaike kiasi gani. Intel huchapisha, kwa prosesa zake nyingi, orodha inayoonesha kila kidoa kina kazi gani. Safu huitwa kwa herufi na nguzo kwa namba, kwa hiyo pini inakuwa na anwani kama AB12. Kwa desturi herufi I, O, Q, S, X na Z hurukwa, kwa hiyo ukihesabu safu kwa kufuata alfabeti nzima utafika kwenye pini isiyo yako.

Mtego mwingine: michoro mingi huonesha prosesa ikitazamwa kutoka chini. Soketi unaitazama kutoka juu, kwa hiyo kulia na kushoto vimebadilishana. Anzia kwenye pembe yenye alama ya pembetatu, igeuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo, kisha hesabu mara mbili.

Majina yenyewe husomeka hivi. VSS ni ardhi, na VCC ni umeme wa viini vya prosesa; hizi ziko mamia, zinasaidiana, na moja ikikosekana mara nyingi kompyuta haitajua. RSVD ni zilizotengwa na kwa kawaida hazitumiki. NCTF ni zile ambazo mtengenezaji mwenyewe amesema kukosekana kwake hakuzuii prosesa kufanya kazi, na nyingi huwa pembezoni na kwenye pembe. Zinazoanza na DDR ni za RAM. Moja ya data ikikosekana, chaneli yake yote inaweza kuondoka. PEG au PCIE ni njia za kadi ya grafiki, na DMI inaiunganisha prosesa na chipu ya ubao. Ikikosekana ya DMI au ya saa (mapigo yanayoongoza mwendo wa prosesa), usitegemee kuona picha kwenye skrini.

Pini ya ardhi iliyoinama kidogo bila kumgusa jirani? Mimi ningeiacha. Lakini pini ya ardhi iliyomlalia jirani wa umeme ni shoti, na hiyo ni lazima itengane kabla ya chochote kuwashwa, haijalishi ni ya kazi gani.

Kunyoosha

Egemeza viwiko. Egemeza na kiganja kwenye ukingo wa ubao au juu ya rundo la vitabu lenye kimo sawa, ili vitembee vidole tu. Kikuzaji kikae kwenye stendi, mkono mmoja ubaki huru kwa mwanga.

Anza na pini rahisi. Iliyoinama kidogo pembeni isukume kwa ubavu wa sindano, ukigusa mkono wa pini karibu na pale ilipojikunjia na siyo kwenye ncha. Ukisukuma ncha utapata mikunjo miwili mahali palipokuwa na mmoja. Sukuma nusu ya unachodhani kinahitajika, ondoa sindano, tazama. Chuma hiki hurudi kidogo kila kinapoachiwa, kwa hiyo huwezi kujua umefika wapi huku bado umekishika. Sukuma tena. Misukumo mitatu midogo kuelekea upande mmoja haina madhara makubwa. Misukumo miwili mikubwa, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudisha ulikopitiliza, huchosha chuma na hatimaye hukikata. Kupitiliza ndiko kunakovunja pini kuliko kitu kingine chochote.

Pini iliyobonyezwa chini inataka kuinuliwa. Pitisha ncha ya sindano chini ya mkono wake kutoka upande ulio wazi, usikwaruze plastiki, na uinue kwa kiasi cha unywele. Rudi kwenye tazamo la usawa wa meza. Rudia mpaka ncha yake ifike kwenye mstari wa wenzake.

Iliyojikunja nyuma kabisa, ncha ikitazama ilikotoka, ndiyo ngumu. Usijaribu kuifungua kwa mkupuo. Ingiza sindano ndani ya mkunjo na uufungue robo, kisha hamia kwenye pini nyingine, kisha urudi. Usiipashe moto kwa kiberiti wala kwa hewa ya moto. Plastiki ya soketi haitakusubiri. Ikishafunguka na ncha yake ikawa takriban mahali pake, acha. Itabaki na kovu, na kila utakapotafuta kulifuta kovu hilo unaikaribisha kukatika.

Zikiwa nyingi zimelala pamoja, kama inavyotokea kona ya prosesa inapokokotwa juu yake, anza na ya pembeni kabisa iliyo karibu na zile nzima na uelekee katikati. Kila unayoirudisha inaifungulia njia inayofuata. Ukiingia katikati kwanza, sindano yako haina pa kupita bila kugusa nyingine.

Pumzisha mkono unapoanza kutetemeka. Kazi hii haina mbio, na ubao hauendi popote.

Penseli isiyo na risasi watu huisifu sana. Kwenye LGA haina kazi kubwa kwa sababu ncha ya pini imejikunja na haiingii vizuri kwenye mrija wake. Ihifadhi kwa ajili ya AM4.

Usipime soketi kwa vijiti vya multimita. Kijiti kimoja kina unene wa kutosha kuzipinda pini ulizozinyoosha, na njia ya umeme wa viini huwa na ukinzani mdogo kwa asili, kwa hiyo mlio utakaousikia unaweza kukutisha bure.

Pesti ndani ya soketi

Pesti ya kawaida ya kijivu au nyeupe kwa sehemu kubwa haipitishi umeme, na tone dogo kwenye pini chache haliui kompyuta. Tatizo lake ni kuzuia ncha isiguse kidoa. Dondoshea alkoholi ya isopropili mahali pale, iache ilegeze pesti, inamisha ubao ili kiowevu kitiririke upande usio na pini nyingi, kisha puliza kwa kipulizio cha mpira. Rudia mara kadhaa. Usisugue. Kopo la hewa iliyoshindiliwa lina nguvu mno kwa karibu na hurusha kiowevu baridi. Kama ndilo pekee ulilonalo, lishike wima na mbali. Subiri ikauke kabisa.

Pesti ya metali kioevu ni jambo jingine kabisa. Inapitisha umeme na kujificha chini ya mikono ya pini. Ubao wa namna hiyo mpelekee fundi mwenye hadubini, na usiuwashe kwanza.

Pini iliyokatika

Kwanza kitafute kipande kilichokatika. Kikibaki ndani ya soketi ni shoti inayosubiri umeme. Kiinue kwa ncha ya sindano iliyoguswa na kitu chenye kunata kidogo, au upindue ubao na kuugonga taratibu kwa kidole.

Kisha rudi kwenye orodha. Ikiwa ni VSS, VCC, RSVD au NCTF, na ni moja au mbili, iwashe kompyuta na uone. Ikiwa ni ya chaneli moja ya RAM, unaweza kuishi na chaneli nyingine: weka moduli kwenye sloti za upande ulio mzima, ukijua kasi ya kumbukumbu itapungua. Ikiwa ni njia ya PCIe, kadi ya grafiki itashuka hadi njia 8, 4 au pungufu, na kwa matumizi mengi tofauti kati ya 16 na 8 ni ndogo.

Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi wa solda. Wapo wanaochomoa pini kutoka soketi mfu na kuipandikiza kwenye iliyokatika, na wapo wanaobadilisha soketi nzima. Soketi ya LGA imeshikwa kwenye ubao kwa mamia, hata zaidi ya elfu moja, ya vitone vya solda vilivyofichika chini yake, kwa hiyo inahitaji mashine ya kupasha ubao juu na chini kwa kipimo, siyo bunduki ya hewa moto peke yake. Muulize fundi kama anayo. Kisha linganisha gharama yake na ya ubao mwingine wa aina hiyo. Kwa ubao wa bei ya chini, hesabu hiyo huisha haraka.

Kuwasha

Tazama soketi mara ya mwisho kwa pembe zote nne. Shika prosesa kwa kingo, linganisha pembetatu na pengo zake, ishushe wima mpaka itulie yenyewe. Usiitikisetikise ili ikae. Funga fremu, shusha wenzo. Utahisi ukinzani mkubwa, maana fremu inakandamiza kwa makumi ya kilo, na hilo ni la kawaida. Ikiwa wenzo unagoma kabla ya mahali pake pa kawaida, fungua utazame.

Sasa ifungue tena. Ndiyo, itoe prosesa na uzitazame pini ulizozinyoosha. Pini yenye kimo kibaya itakuwa imeshapondwa, na ni heri uijue kabla ya umeme kuliko baada yake.

Zikiwa sawa, irudishe, weka kipozaji na pesti mpya, na uwashe ubao ukiwa bado nje ya kasha: moduli moja ya RAM kwenye sloti inayopendekezwa na kitabu cha ubao, bila kadi ya grafiki kama prosesa ina grafiki yake. Feni zikishtuka na kusimama mara moja, zima na uchomoe, kuna shoti. Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, usikate tamaa dakika ya kwanza. Bodi zinazotumia RAM ya aina ya DDR5, hasa za AM5, huchukua dakika kadhaa kuipima RAM baada ya prosesa kutolewa na kurudishwa.

Ikiwaka, ingia BIOS, angalia joto la prosesa, kisha jaribu kila sloti ya RAM kwa moduli moja, halafu zote. Kwenye Windows, programu ya CPU-Z itakuonesha chaneli na GPU-Z itakuonesha idadi ya njia za kadi ya grafiki. Kwenye Linux, amri ya lspci -vv ina mstari wa LnkSta unaosema hilohilo. Ipime njia hiyo kadi ikiwa na kazi, maana ikipumzika hujipunguzia kasi. Malizia kwa programu ya kupima RAM, MemTest86, mzunguko mzima, kisha saa moja au zaidi ya programu ya kuichosha prosesa kama Prime95 au OCCT. Pini inayogusa kwa shida huonekana ubao ukishapata joto.

Ikipita yote hayo, usiitoe tena prosesa ili kutazama. Pini iliyonyooshwa ina maisha mafupi ya kufunguliwa na kufungwa. Na ikibidi ubao usafirishwe bila prosesa, uvalishe kile kifuniko cha plastiki kilichokuja juu ya fremu. Hukukitupa, natumaini.

Kwa wenye AM4

Prosesa ya AM4 ina pini 1331 chini yake, na hizi kweli ni vijiti vilivyosimama wima. Ilaze chali, itazame kwa usawa wa macho kwa kila safu, upande huu na ule. Safu iliyonyooka utaona mwanga ukipita katikati mpaka mwisho. Iliyopinda itaziba njia.

Hapa penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5 ndiyo bingwa: ncha yake tupu huivaa pini hadi shinani, nawe unaisimamisha kwa kuiinamisha penseli taratibu. Safu nzima iliyoinama irekebishe kwa wembe mpana au kadi nyembamba ya plastiki, ukiipitisha kati ya safu mbili na kuisukuma kidogo, kisha upitishe na upande wa mkingamo.

Kipimo chake ni rahisi. Inua wenzo wa soketi, weka prosesa juu ya matundu. Inapaswa kuzama kwa uzito wake yenyewe. Isipozama, usiibonyeze hata kidogo. Itoe, tafuta pini inayokataa, irekebishe, rudia.

Pini ya AM4 iliyokatika inaweza kuunganishwa kwa solda na mkono wenye uzoefu. Wengine huchomeka kipande cha waya mwembamba kwenye tundu la soketi ili kiguse kidoa kilichobaki kwenye prosesa. Njia hiyo inafanya kazi mpaka siku waya utakaposogea, nami nisingeiweka kwenye kompyuta ninayoitegemea.

Uharibifu wa AM4 huanzia sana kwenye kutoa kipozaji: pesti imekauka, kipozaji kinavutwa juu, na prosesa inang'oka nacho huku wenzo bado umefungwa. Kabla ya kukitoa, iendeshe kompyuta kwa kazi nzito dakika kama kumi ili pesti ilainike, izime, ichomoe, fungua vishikizo, kisha kizungushe kipozaji kidogo kushoto na kulia mpaka ukisikie kimeachia. Ndipo ukiinue.